KODI YA NYUMBA HAISAGI MAHINDI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda kumwamkia mjomba wangu, mwenye mashine ya kusagia mahindi karibu na soko la mji wetu, hapa mashariki ya Uganda. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, wakati ambao kwa desturi hana nafasi hata ya kunywa chai. Siku hiyo nilimkuta amekaa juu ya gunia tupu, shavu mkononi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya mashine ya jirani yake, akina mama walikuwa wamejipanga mstari na mabeseni yao ya mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mpwa wangu, mwenye nyumba amenimaliza."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mkataba wa chumba chake ulikuwa umekwisha, na mwenye nyumba akapandisha kodi. Usiku ule ule Mjomba akaigawanya ile nyongeza kwa magunia anayosaga, akaona kwamba kila gunia lapaswa kubeba sehemu yake, na asubuhi akaandika bei mpya mlangoni kwa chaki. Siku niliyomkuta ilikuwa siku ya tatu, na wateja wote walikuwa wamekwisha vuka barabara.

Kesho yake alifuta chaki, akarudisha bei ya zamani, na wateja wakarudi. Ndipo akaja na shauri la pili: kama bei haitaki kupanda, basi kazi na ipande. Akaanza kusaga mpaka usiku, ili kodi ipate kugawanyika juu ya magunia mengi. Likizo ilipokaribia kwisha tukafungua daftari pamoja. Magunia yalikuwa yameongezeka kweli, lakini fedha iliyobaki ilikuwa kidogo kuliko ile ambayo angeipata kama asingeongeza hata gunia moja.

Kwangu mimi jambo hili si la kuchekesha, kwa maana karo yangu hutoka katika unga ule. Muhula uliofuata nilichelewa shule majuma mawili.

Niliporudi darasani, mwalimu wetu wa Uchumi alituuliza swali: "Mtu mwenye kazi ndogo katika soko lenye mashindano, akiongezewa kodi ya nyumba, atafanya nini?" Nusu ya darasa wakasema, "Atapandisha bei!" Wengine wakasema, "Atatengeneza vitu vingi zaidi!" Wachache wakasema, "Atapunguza kazi." Mimi nilinyamaza, maana katika kila jibu nilimwona Mjomba juu ya gunia lake tupu. Jibu la kweli ni kwamba, kama alikuwa akifanya kazi yake vizuri tangu awali, hana la kubadili hata moja katika hayo matatu. Faida yake itapungua, basi. Wenzangu wengi walikataa, na baadhi yao wakataa mpaka leo. Ndiyo sababu naandika.

Rai yangu ni hii: gharama ya kudumu haikuambii usage magunia mangapi, wala utoze bei gani. Yakuambia neno moja tu: kama biashara hii yastahili kuendelea, ama la. Mtu akiisikiliza katika mambo mengine, itampoteza.

Kwanza tuelewane maneno. Gharama za mashine ya unga ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile zinazolipwa hata kama mashine haikuzunguka siku nzima: kodi ya chumba, leseni ya mwaka, mshahara wa mlinzi wa usiku, na malipo ya mkopo ulionunulia mota. Hizo ndizo gharama za kudumu. Namna ya pili ni zile zinazofuata kazi: umeme, ujira wa vijana wanaobeba na kumimina, mkanda unaokatika, nyundo na chekeche zinazolika. Usiposaga, hizi hazipo; ukisaga zaidi, zaongezeka. Alfred Marshall, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, alieleza tofauti hii katika kitabu chake cha mwaka 1890, Principles of Economics. Lakini mwenye kinu cho chote aijua bila kitabu, ila huisahau anapokasirika na mwenye nyumba.

Pili, tuelewe soko lenyewe. Katika mtaa wa Mjomba kuna mashine nyingi, na unga wa mashine moja hauna tofauti na wa nyingine. Bei ya kusaga haiandikwi na mtu mmoja. Yatoka katika wingi wa mashine na wingi wa mahindi. Mwenye mashine akitoza zaidi, wateja watavuka barabara. Akitoza pungufu, atajipunja bure, kwani kwa bei ya mtaa angepata kazi yote anayoiweza. Huyu ni mfuata bei. Lililo mikononi mwake ni moja tu: kuamua asage kiasi gani.

Sasa tupige hesabu ya mfano, na msomaji achukue karatasi. Tuseme bei ya kusaga ni shilingi 10,000 kwa gunia. Magunia manne ya kwanza ya siku ni rahisi: mashine ni baridi, vijana wana nguvu, na kila gunia lagharimu shilingi 6,000 za umeme na ujira na uchakavu. Gunia la tano lagharimu 7,000, maana vijana wameanza kuchoka na kazi yaenda polepole. La sita 8,000. La saba 9,500. La nane lataka kazi ya usiku, na vijana wataka ujira wa ziada na chakula, lagharimu 11,500.

Asage mangapi? Hapa ndipo kodi ya nyumba haina neno la kusema. Aliulize kila gunia peke yake: "Wewe waniletea 10,000, wanitoa ngapi?" La saba lamtoa 9,500 na kumwachia 500, basi na lisagwe. La nane lamtoa 11,500 na kumletea 10,000, basi lirudi nyumbani mpaka kesho. Atasimama kwenye saba. Atapokea 70,000, atalipa 48,500 za gharama zinazofuata kazi, na mkononi zitabaki 21,500.

Sasa ndipo tuite gharama za kudumu. Tuseme kwa siku moja ni 15,000. Faida yake ni 6,500. Kodi ikipanda hata gharama hizo zikawa 20,000, faida ni 1,500. Je, sasa asage manane? Atapokea 80,000, atalipa 60,000, zitabaki 20,000, na kodi itazimeza zote. Faida ni sifuri. Asage sita? Atapokea 60,000, atalipa 39,000, zitabaki 21,000. Faida ni 1,000. Saba yashinda sita, na yashinda nane, kabla ya kodi kupanda na baada ya kupanda. Wala si ajabu, kwa maana ukitoa kiasi kimoja kile kile katika kila namba ya orodha, iliyokuwa kubwa itabaki kuwa kubwa. Mrefu wa darasa letu hawi mfupi kwa kuwa sote tumevuliwa viatu.

Basi tuyatazame makosa mawili ya Mjomba, ambayo ni makosa ya watu wengi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba haja yake ni bei. Watu husema, "Lakini lazima apate kodi mahali fulani!" Ni kweli anaihitaji. Lakini yule mama mwenye beseni la mahindi hakuweka sahihi katika mkataba wa chumba. Yeye ataka unga, na ng'ambo ya barabara kuna unga. Haja yako si bei ya soko. Kama kodi imepanda kwako peke yako, hutaweza kumpa mtu mwingine mzigo huo hata sehemu ndogo, ni wako.

Kosa la pili ni la hila zaidi, kwa kuwa lafanana na akili. Husemwa: "Kodi ni 20,000. Nikisaga saba, kila gunia labeba 2,857. Nikisaga manane, kila moja labeba 2,500 tu. Basi nimepunguza kodi!" La, ndugu yangu, hukupunguza hata senti. Mwenye nyumba atapokea 20,000 zile zile. Ulilofanya ni kulimega gogo lile lile vipande vyembamba zaidi, na kwa kazi ya kulimega umelipa 1,500, ndiyo hasara ya gunia la nane. Hivyo ndivyo daftari la Mjomba lilivyotuonyesha: magunia mengi, usingizi kidogo, fedha pungufu.

Msomaji mwerevu ataniuliza, "Je, kama angalikuwa akisaga matano tu kwa uvivu, kodi isingemwamsha?" Ingemwamsha, na ingefaa aamke. Lakini hapo kodi imemfanyia kazi ya kengele tu. Saba ilikuwa bora tangu jana, hata angekaa chumbani bure.

Tufike sasa mahali pagumu. Tuseme gharama za kudumu zapanda mpaka 25,000 kwa siku. Akisaga saba, zile 21,500 hazitoshi. Apata hasara ya 3,500 kila siku. Watu wengi watamwambia, "Funga mara moja! Mtu hafanyi kazi ya hasara." Mimi nasema asifunge, maadamu mkataba ungali wamfunga. Akifunga, umeme hatalipa wala vijana, lakini zile 25,000 zitamfuata mpaka kitandani, na hasara itakuwa 25,000 badala ya 3,500. Wazee walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na hesabu yao ilikuwa sawa. Hata bei ikishuka mpaka 7,500 angali na sababu ya kusaga: atasaga matano, apokee 37,500, alipe 31,000, abakiwe na 6,500 za kupunguza mzigo wa kodi. Bali bei ikianguka mpaka 5,500, hata gunia la kwanza lamla, basi siku hiyo afunge mlango akalime. Tazama vema: kipimo cha kufunga leo ni gharama zinazofuata kazi. Kodi haimo katika kipimo hicho, iwe kubwa, iwe ndogo.

Lakini mkataba una mwisho wake, na siku ya mwisho ndiyo siku ya kodi kusema. Siku ile mwenye nyumba aletapo karatasi mpya, gharama ambayo ilikuwa ya kudumu yawa jambo la hiari. Hapo yafaa ajiulize: "Je, kwa bei ya soko kama niionavyo, zile zitakazobaki mkononi zatosha kulipa kodi hii, na kunilipa mimi kama ambavyo ningelipwa kwa kazi nyingine?" Kama hazitoshi, asitie sahihi. Wala asiseme, "Nimekwisha tia fedha nyingi hapa." Fedha alizotia katika sakafu ya saruji na nyaya za umeme hazirudi kwa kuendelea kukaa. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Haya si ya mtaa wa Mjomba tu. Nenda kwa wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon. Hakuna mfuata bei kama wao, kwa maana bei ya kahawa ya arabika husemwa New York, na mkulima huisikia tu. Mkahawa hukaa ardhini miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Gharama ya kuupanda imekwisha zikwa udongoni. Mwaka 2001 bei ya huko New York ilianguka chini ya senti 50 za Kimarekani kwa ratili moja. Mtu angedhani wakulima wote wangeacha kuchuma, la hasha. Mti umekwisha kuwapo. Swali la mkulima lilikuwa moja tu, kama bei yatosha kulipa kazi ya kuchuma, kuosha na kuanika. Iliyotosha kwa hiyo, alichuma, hata kama haikurudisha gharama ya kupanda. Hii ni sababu moja ya bei mbaya ya kahawa kudumu miaka: miti haiondoki shambani kwa sababu bei imeshuka, na mavuno yaendelea kumiminika. Mwezi Februari 2025 bei ile ile ilipita dola 4 kwa ratili. Aliyeng'oa mikahawa yake hakuwa na cha kuchuma, na aliyekimbia kupanda siku hiyo alipaswa kungoja miaka yake mitatu. Uamuzi wa kuchuma ni wa msimu mmoja. Uamuzi wa kupanda au kung'oa ni wa miaka mingi. Ni maswali mawili, na gharama zake mbali mbali.

Sisi wanafunzi twalo somo la karibu zaidi. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, zikafunguliwa kwa sehemu, zikafungwa tena Juni 2021, na wanafunzi wote wakarudi 10 Januari 2022. Shule ya binafsi isiyo na wanafunzi hainunui posho wala maharagwe, wala chaki. Lakini mkopo wa jengo haukwenda likizo. Shule nyingine zilifunga milango kwa muda, zikafungua tena. Nyingine hazikufungua kamwe. Tofauti kati ya kufunga kwa muda na kuondoka kabisa, ambayo vitabu huieleza kwa mistari miwili, baadhi yetu tuliiona kwa macho pale tuliporudi tukakuta shule ya jirani haipo. Shule iliyofungwa kwa amri haikuwa na la kuamua juu ya wingi wa kazi, lakini kila mwezi gharama ya kudumu iliuliza swali lile lile: wastahili kuendelea, ama la? Hapo ndipo nguvu yake ilipo, na ye yote asemaye kwamba gharama ya kudumu si kitu hajanielewa. Haina sauti katika kazi ya leo, lakini kesho yaweza kukuondoa.

Nitoe mfano mmoja zaidi, kwa kuwa wahusu maisha ya watu. Vijana wengi wa boda boda hawana pikipiki zao wenyewe. Hukodi, na kila jioni lazima wampelekee mwenye pikipiki fedha aliyoiweka. Fedha ile ni gharama ya kudumu, haitazami abiria wangapi amewapata. Desturi ya wengi ni hii: siku ya abiria wengi, wakipata fedha ya tajiri mapema na kitu kidogo cha juu, huenda kupumzika, siku ya abiria wachache, huzunguka hata usiku wa manane wakiifukuza fedha ile. Hesabu yataka kinyume chake. Siku njema kila saa yaleta fedha, ndiyo siku ya kukaza. Siku mbaya kila saa yala petroli na nguvu, na usiku wahatarisha hata shingo. Ndiyo siku ya kwenda kulala, deni lingine likabaki. Najua mwenye pikipiki atagomba, na labda ataichukua pikipiki yake, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini basi na tuseme wazi kwamba kijana yule azunguka usiku kwa hofu ya tajiri, si kwa sababu ya faida.

Sasa neno kwa wakubwa wetu wa mabaraza ya miji, kama gazeti letu hili huwafikia. Leseni ya mwaka ni gharama ya kudumu kwa kila mwenye mashine. Baraza likiipandisha kwa wote, kesho yake hakutatokea lo lote: bei ile ile, unga ule ule. Wakubwa waweza kudhani wamepata fedha bila kumwumiza mwananchi. Na wangoje. Mikataba itakapokwisha, wale wadogo ambao faida yao ilikuwa nyembamba wataondoka mmoja mmoja. Mashine zikipungua, mahindi yatagombania zilizobaki, na bei itapanda. Katika hesabu yetu, gharama za kudumu zilipokuwa 15,000, mwenye mashine aliweza kukaa sokoni kwa bei ya 9,000 tu, akisaga sita: apokea 54,000, atoa 54,000. Zikiwa 25,000 kwa wote, hakuna atakayekaa mpaka bei ifike 10,500 na asage saba. Basi mwisho wake ni mashine chache zaidi, kila moja ikisaga zaidi, na bei ya juu. Anayelipa leseni ile ni yule mama mwenye beseni, pamoja na safari yake ndefu zaidi. Sisemi baraza lisitoze leseni. Barabara na mifereji ya soko hazijengwi kwa maneno. Nasema litoze likijua mzigo waenda kwa nani, na lisiseme halimwumizi mtu kwa kuwa bei haikupanda siku ya kwanza.

Huenda mtu akanipinga kwamba mkono wa mwanafunzi ni mwepesi kuandika juu ya shida za mwenye kulipa kodi. Anaweza kusema: mwenye nyumba ataka kodi ya miezi mitatu mbele, benki haingoji, na mtu mwenye madeni hana raha ya kuhesabu gunia la saba na la nane. Nakubali kwamba fedha taslimu ikikosekana, mtu aweza kuanguka hata kama hesabu yake ya mwaka ingetoka na faida. Ndiyo sababu nawaambia wenzangu wanaotaka kuanza biashara: ogopeni gharama ya kudumu kabla ya kutia sahihi, si baada yake. Kabla ya sahihi, ipunguzeni kwa nguvu zote. Chukueni chumba kidogo, ombeni mkataba mfupi, shirikianeni mlinzi mmoja watu watatu. Baada ya sahihi, ilipeni, na kisha msiiruhusu kushika usukani wa kazi.

Mjomba nilimwandikia hesabu hii katika karatasi ya daftari, gunia kwa gunia, nikampelekea kwa mkono wa dereva wa basi. Aliacha kusaga usiku. Baada ya mwezi aliniletea habari kwamba fedha iliyobaki imezidi kidogo ile ya mwezi wa kazi ya usiku, naye apata usingizi. Sikumdanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Kodi ni ile ile, na faida ni nyembamba. Mkataba wake wakwisha mwezi wa Desemba, na amekwisha anza kuuliza bei ya chumba kimoja nyuma ya soko, mbali na barabara, ambako wateja ni wachache lakini kodi ni ndogo. Bado hajaamua, wala mimi siwezi kumwamulia. Bali sasa ajua swali lenyewe na siku ya kuliuliza.

Nanyi wenzangu, mkiulizwa tena swali la mwalimu, msikimbilie kupiga kelele. Ulizeni kwanza: gharama hii yafuata kazi, au yanifuata hata nikilala? Kama yafuata kazi, itieni katika hesabu ya kila gunia. Kama yawafuata hata mkilala, iandikeni katika ukurasa wake, mngoje siku yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata mwenye daftari ataipoteza, akichanganya kurasa hizi mbili.